William Coblentz: Mwana wa mkulima aliyetambua vitu kwa mwanga usioonekana

Robota la mitumba linapofunguliwa katika Soko la Owino, katikati ya jiji la Kampala, swali la kwanza huwa lile lile: hiki ni kitambaa gani? Lebo nyingi zimekatwa, nyingine zimefutika kwa kufuliwa, na nyingine hazisemi kweli. Muuzaji mzoefu hulijibu swali hilo kwa vidole vyake. Akitilia shaka, huchomoa uzi mmoja na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha punje nyeusi iliyo ngumu.

Barani Ulaya, ambako sehemu ya nguo hizo hukusanywa kabla ya kusafirishwa, swali hilo sasa hujibiwa pia na mashine. Nguo hupita juu ya mkanda, humulikwa kwa mwanga usioonekana na macho, na kabla sekunde haijaisha mashine huwa imeamua: hii ni pamba, hii ni poliesta, hii ni sufu. Hakuna uzi unaochomwa wala kitambaa kinachoharibiwa.

Mashine hiyo ina historia ndefu, na katika historia hiyo jina la William Weber Coblentz lina mahali pake pa pekee. Mmarekani huyo, aliyefariki mwaka 1962, alitumia ujana wake kupima jinsi vitu mbalimbali vinavyomeza mionzi ya infraredi, yaani ule mwanga wa joto ulio nje ya rangi nyekundu ya upinde wa mvua. Vipimo vyake vilionyesha kwamba kila aina ya muungano wa atomi huacha alama yake katika mwanga huo. Wanakemia wengi hawakuitumia kazi yake kwa karibu miaka 40. Leo ni vigumu kupata maabara kubwa ya dawa, mafuta, plastiki au nguo isiyotumia kanuni hiyo.

Shule iliyochelewa

Coblentz alizaliwa tarehe 20 Novemba 1873 katika kijiji cha North Lima, jimbo la Ohio, kwa wazazi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu, akimwacha yeye pamoja na mdogo wake aliyekuwa bado mchanga. Baada ya miaka kama miwili baba yake alioa tena, na William alimpenda mama huyo wa kambo.

Familia haikuwa na mali. Iliishi kwa kilimo, na kazi za shamba zilitangulia masomo. Kwa sababu hiyo kijana huyo alimaliza shule ya sekondari mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 22, wakati vijana wengine wa umri wake walikuwa wanamaliza chuo kikuu. Ni hali ambayo familia nyingi za hapa kwetu Uganda zinaifahamu vyema: mtoto ana uwezo, lakini karo na jembe vinampokonya miaka.

Baada ya hapo hakupoteza muda. Mwaka huo huo wa 1896 aliingia Shule ya Case ya Sayansi Tumizi, mjini Cleveland, akahitimu shahada ya fizikia mwaka 1900. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka 1901 na ya uzamivu mwaka 1903. Kisha alibaki Cornell kwa takriban miaka miwili kama mtafiti, akigharimiwa na Taasisi ya Carnegie. Katika miaka hiyo michache ndipo alipofanya kazi iliyolihifadhi jina lake.

Joto nje ya rangi nyekundu

Mionzi aliyoichunguza haikuwa mpya. Mwaka 1800, mwanaastronomia William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, alipitisha mwanga wa jua katika prizimu ya kioo, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Alipokiweka kipimajoto kimoja nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kilipanda kuliko vyote. Kulikuwa na mwanga mwingine uliokuwa ukipasha joto bila kuonekana.

Kuanzia mwaka 1859, John Tyndall, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi London, alionyesha kwamba mvuke wa maji na hewa ya kaboni dioksidi humeza joto hilo, ilhali oksijeni na naitrojeni huliacha lipite. Mwaka 1881, Waingereza William Abney na Edward Festing walichunguza vimiminika kadhaa katika sehemu ya infraredi iliyo karibu kabisa na nyekundu, wakahisi kwamba mpangilio wa atomi ndio unaoamua ni mwanga gani unaomezwa. Mwaka 1892 Mholanzi Willem Julius naye alipima vitu kama 20 na kuona dalili hiyo hiyo.

Kwa hiyo, Coblentz alipoanza, wazo lilikuwapo. Kilichokosekana ni ushahidi mpana, uliopimwa kwa njia moja na mtu mmoja, katika eneo kubwa la mionzi hiyo. Hilo ndilo jukumu alilojitwisha.

Prizimu ya chumvi

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kioo. Kioo cha kawaida huonekana angavu kwetu, lakini sehemu kubwa ya mionzi ya infraredi haiwezi kukipenya. Prizimu ya kioo isingefaa kitu. Coblentz alitumia prizimu iliyochongwa kutoka katika fuwele safi ya chumvi ya mawe, kitu kile kile ambacho kikiwa na uchafu na unyevu wake huvunwa na wachimbaji wa Ziwa Katwe, wilayani Kasese. Chumvi huruhusu infraredi ipite, ila ina adui mmoja: unyevu wa hewa huilainisha na kuutia ukungu uso wake. Kila prizimu ilipaswa kulindwa na kusuguliwa upya.

Kikwazo cha pili kilikuwa udogo wa joto lenyewe. Kipimajoto cha Herschel kilitosha kwa mwanga wa jua. Hakikutosha kwa mwanga wa taa uliokwisha kupita katika kimiminika, ukatawanywa na prizimu, kisha ukachukuliwa ukanda mmoja mwembamba. Coblentz alijitengenezea vifaa vyake, kikiwamo kipimo kiitwacho radiometa, ambamo vibawa vidogo huning'inizwa kwa uzi mwembamba mno ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Mionzi inapogonga kibawa kimoja, uzi hujisokota kidogo, na mtafiti husoma mzunguko huo kwa kutumia darubini.

Kazi ilikwenda hatua kwa hatua. Aliweka prizimu katika pembe moja, akapima mwanga bila sampuli, akaweka sampuli, akapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ilimwambia ni kiasi gani cha mwanga kimemezwa. Kisha aliigeuza prizimu kwa kadiri ndogo na kuanza upya. Alikwenda hivyo hadi urefu wa wimbi wa maikroni 15. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na mwanga tunaouona kwa macho huishia karibu na maikroni 0.7. Mchoro wa kitu kimoja ulihitaji saa nyingi za kusoma na kuandika namba kwa mkono. Siku hizi mashine hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache.

Alipima zaidi ya vitu 100: spiriti, mafuta, benzini na jamaa zake, gesi na madini. Matokeo yalianza kuchapishwa na Taasisi ya Carnegie mwaka 1905 chini ya jina linalomaanisha uchunguzi wa spektra za infraredi, na sehemu nyingine zikafuata katika miaka michache iliyofuata.

Atomi zinazocheza

Ili kuelewa alichokiona, inafaa kuifikiria molekuli kama mipira midogo iliyounganishwa kwa springi. Mipira ni atomi. Springi ni vifungo vinavyozishikilia pamoja. Springi hizo hazitulii. Hunyooka na kufupika, hupinda na kujirudi, mabilioni kwa mabilioni ya mara kila sekunde.

Kila kifungo kina mwendo wake wa asili, na mambo mawili ndiyo yanayouamua: uzito wa atomi zilizofungwa na ukakamavu wa kifungo chenyewe. Mpiga gita analijua jambo hili. Uzi mnene na mzito hutoa sauti nzito. Uzi mwembamba uliokazwa sana hutoa sauti ya juu. Hidrojeni ndiyo atomi nyepesi kuliko zote, kwa hiyo vifungo vyake hutikisika upesi. Kifungo cha kaboni na hidrojeni hunyooka na kufupika karibu mara trilioni 88 kwa sekunde, sawa na wimbi la maikroni 3.4. Kaboni iliyoungana na oksijeni kwa kifungo cha maradufu hutikisika polepole zaidi, karibu na maikroni 5.8. Oksijeni hiyo ikiungana na kaboni kwa kifungo kimoja tu, springi hulegea, na alama yake husogea hadi karibu na maikroni 9.

Mwanga wa infraredi nao ni mtikisiko. Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma kwa wakati unaolingana na mwendo wake, kila msukumo humwongezea kasi. Ukimsukuma ovyo, bembea haipokei nguvu yako. Ndivyo ilivyo kwa kifungo. Wimbi lenye mwendo unaolingana na wake humezwa, na mengine hupita. Mwanga unapotoka upande wa pili wa sampuli, huwa na mapengo mahali ambapo mawimbi yamemezwa, na mapengo hayo ndiyo maandishi anayoyasoma mtafiti.

Kuna sharti moja. Ili kifungo kimeze mwanga huo, mtikisiko wake lazima usogeze chaji za umeme, upande mmoja ukizidi kuwa chanya na mwingine hasi. Molekuli ya naitrojeni ni atomi mbili zilizo sawa kabisa. Zikitikisika, hakuna kinachobadilika kati ya pande hizo mbili. Oksijeni ya hewani ni hivyo hivyo. Ndiyo maana Tyndall aliona gesi hizo mbili zikiliacha joto lipite, na ndiyo maana kaboni dioksidi na mvuke wa maji, ambavyo ni sehemu ndogo tu ya hewa, vina nguvu kubwa ya kuhifadhi joto la dunia.

Familia za alama

Nadharia hii yote haikuwapo mwaka 1905. Fizikia ya kwanta, iliyoieleza kwa ukamilifu, ilikuja katika miaka ya 1920. Coblentz alikuwa na namba zake tu, na ustadi wake ulikuwa kuzilinganisha kwa uvumilivu.

Aliona kwamba vitu vyenye atomi moja ya kaboni iliyobeba hidrojeni mbili au tatu vilikuwa na pengo karibu na maikroni 3.43, hata vilipokuwa tofauti kabisa katika mambo mengine. Spiriti, ambazo zote zina oksijeni iliyoshikana na hidrojeni, zilikuwa na pengo karibu na maikroni 2.95. Benzini na jamaa zake zilirudia pengo la karibu maikroni 6.75. Mafuta ya haradali, yenye mnyororo wa naitrojeni, kaboni na salfa, yalikuwa na alama yao kwenye maikroni 4.78.

Vifurushi hivyo vidogo vya atomi ndivyo wanakemia wanavyoviita makundi tendaji. Kundi tendaji ndilo linaloipa molekuli tabia yake: linaamua kama kitu kitayeyuka katika maji, kama kitakuwa asidi, kama kitashika rangi. Coblentz alionyesha kwamba kundi kama hilo lina saini yake, nalo hulibeba popote linapokwenda, hata likiwekwa ndani ya molekuli kubwa kiasi gani. Saini husogea kidogo kulingana na majirani, na msomaji mzoefu hujifunza mengi kutokana na msogeo huo.

Aligundua pia kwamba atomi zile zile zikipangwa kwa namna tofauti huacha michoro tofauti. Vitu viwili vinaweza kuwa na idadi sawa ya kaboni, hidrojeni na oksijeni, vipimo vya mizani vikashindwa kuvitenganisha, lakini infraredi ikavitambua. Katika madini, alitumia njia hiyo kutambua maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, kama yale yaliyomo katika jasi, na kuyatofautisha na oksijeni na hidrojeni zilizo sehemu ya jiwe lenyewe.

Kitabu kwenye rafu

Mtu angetarajia wanakemia waipokee kazi hiyo mara moja. Haikuwa hivyo. Kupata mchoro mmoja kulihitaji vifaa dhaifu, mikono ya fundi na subira ambayo wachache walikuwa nayo. Maabara za kemia zilikuwa na njia zake za zamani: kuchoma, kupima uzito, kuchanganya na kuangalia rangi. Kwa miongo mitatu na zaidi, michoro ya Coblentz ilibaki kuwa mali ya wanafizikia wachache.

Mwenyewe hakuendelea kuwashawishi. Mwaka 1905 alijiunga na Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, mjini Washington, chombo kilichokuwa na miaka minne tu tangu kuundwa, chenye kazi inayofanana na ile ya Shirika la Viwango la Taifa la Uganda. Alianzisha humo sehemu ya upimaji wa mionzi, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 1945. Alitumikia ofisi hiyo moja kwa miaka 40.

Nyota, Mirihi na vimulimuli

Katika miaka hiyo 40 Coblentz alipima karibu kila kitu kinachotoa joto au mwanga. Akiwa pamoja na Herbert Ives, alichunguza mwanga wa kimulimuli, na kazi yao, iliyochapishwa karibu na mwaka 1910, ilionyesha kwamba mdudu huyo hutoa mwanga unaoonekana bila kupoteza nguvu nyingi kwa joto, jambo ambalo taa za wakati huo hazikuweza hata kulikaribia.

Mwaka 1914 alisafiri hadi kituo cha Lick, juu ya mlima katika jimbo la California, akiwa na vipimajoto vya umeme alivyoviunda yeye mwenyewe. Kwa kuvifunga kwenye darubini kubwa alipima joto linaloifikia dunia kutoka nyota 110, pamoja na sayari za Zuhura, Mirihi na Mshtarii. Katika miaka ya 1920, akishirikiana na Carl Lampland katika kituo cha Lowell, jimboni Arizona, alikadiria halijoto ya Mirihi: mchana katika maeneo ya ikweta yake barafu ingeweza kuyeyuka, lakini usiku baridi ilikuwa kali mno. Vyombo vilivyopelekwa angani baadaye vilithibitisha tofauti hiyo kubwa, na shimo moja la Mirihi sasa linaitwa kwa jina lake.

Vipimo vyake vya mwaka 1916 kuhusu mionzi ya vitu vyenye joto vilisaidia kuthibitisha kanuni ya Max Planck, moja ya nguzo za fizikia mpya. Alichunguza pia mionzi ya urujuanimno inayotumika katika tiba. Mwaka 1930 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani.

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 50, alimwoa Catherine Cate, ambaye baadaye alijulikana kama mwandishi wa vitabu vya watoto. Catherine alifariki mwaka 1951.

Vita vilivyofungua rafu

Kilichoirudisha kazi yake ya ujanani ni Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Japani ilipoyateka mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki, Marekani ililazimika kutengeneza mpira viwandani kutokana na mafuta. Gesi zilizotumika zilifanana sana, na viwanda vilihitaji njia ya haraka ya kuzitenganisha na kupima usafi wake. Infraredi ilikuwa jibu. Kampuni za Beckman na Perkin-Elmer zilianza kuunda mashine za spektroskopia za kuuzwa viwandani, na mchoro ambao Coblentz aliutolea jasho kwa saa nyingi sasa uliweza kupatikana kwa muda mfupi. Wanasayansi waliokuwa wakitafuta muundo wa penisilini nao waliitumia mionzi hiyo.

Vita vilipokwisha, mashine hizo zilienea vyuoni na viwandani, na watafiti vijana walirudi kwenye vitabu vya 1905. Waligundua kwamba vipimo vilivyochukuliwa kwa mkono na kifaa cha kujitengenezea vilikuwa bado vinaaminika. Mwaka 1954 wataalamu wa fani hiyo waliunda jumuiya na kuiita kwa jina lake. Coblentz, aliyekuwa na umri wa miaka 80, aliishi kuiona heshima hiyo.

Katika uzee aliandika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1951. Mwaka 1954 alitoa kitabu kingine kilichowashangaza baadhi ya wenzake, kwa kuwa kilieleza kuvutiwa kwake na mambo ya roho na yale yaliyo nje ya maumbile, mambo ambayo hakuna kipimo chake kilichoweza kuyafikia. Alifariki tarehe 15 Septemba 1962, akiwa na umri wa miaka 88.

Kutoka maabara hadi robota

Nguo za Owino ni mfano mzuri wa alichokigundua Coblentz, kwa sababu kila aina ya uzi ina makundi tendaji yake. Pamba ni selulosi, na selulosi imejaa oksijeni iliyoshikana na hidrojeni, lile kundi la spiriti lenye alama karibu na maikroni 3. Poliesta ina kundi liitwalo esta, lenye kaboni na oksijeni katika kifungo cha maradufu, na alama yake kali iko karibu na maikroni 5.8. Sufu, hariri na nailoni zina naitrojeni kando ya kifungo hicho, na jirani huyo huisogeza alama hadi karibu na maikroni 6. Ni kemia hiyo hiyo inayofanya pamba inywe jasho na poliesta ikatae.

Mashine za kuchambua nguo hutumia infraredi iliyo karibu zaidi na mwanga wa kawaida, ambako mitikisiko hiyo huacha alama hafifu kama mwangwi, lakini mwanga wake ni rahisi kuutuma na kuupokea kwa kasi. Kiwanda kimoja cha namna hiyo kilianza kazi mwaka 2020 mjini Malmö, nchini Sweden, kikiwa na uwezo wa kuchambua tani 24,000 za nguo kwa mwaka. Mashine hizo zina mipaka. Nguo nyeusi sana humeza mwanga wote, nguo yenye tabaka mbili huonyesha ya juu tu, na pamba iliyochanganywa na poliesta huhitaji hesabu za ziada.

Kwa wafanyabiashara wa Owino, ambao miongoni mwao wamo wengi wanaouza na kununua kwa Kiswahili, jambo hili si la mbali. Soko hilo, lililoanzishwa mwaka 1971 na ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, hulisha makumi ya maelfu ya watu, na riziki ya wengi wao hutegemea kilichomo ndani ya robota ambalo hawaruhusiwi kulifungua kabla ya kulilipia. Mwezi Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza nia ya kupiga marufuku mitumba, ambayo wengi hapa huiita mivumba, ili kulinda viwanda vya nguo vya ndani. Mjadala kuhusu hatima ya biashara hiyo umeendelea tangu wakati huo.

Mashine za Ulaya zinaongeza swali jingine katika mjadala huo. Uchambuzi wa aina hiyo unakusudiwa kuzipata nguo za uzi wa aina moja, ili zisagwe na kutengenezwa upya huko huko. Iwapo utaenea, ni lazima kuuliza ni nguo za namna gani zitakazobaki kufungwa kwenye marobota na kutumwa Kampala. Nguo isiyouzika Owino haitoweki. Huenda kwenye mtaro, kwenye moto au kwenye jalala, na jiji hili linajua gharama ya jalala lililojaa: maporomoko ya Kiteezi ya tarehe 10 Agosti 2024 yaliua watu zaidi ya 30. Poliesta, tofauti na pamba, haiozi kwa miaka mingi.

Kifaa cha kulijibu swali hilo kipo. Vipimo vidogo vya infraredi vinavyoshikwa mkononi vinauzwa duniani, na vinaweza kusema robota lina pamba kiasi gani na poliesta kiasi gani bila kukata uzi hata mmoja. Kwa sasa vipo zaidi mikononi mwa wanaochambua na kusafirisha nguo kuliko wanaozinunua. Katika vibanda vya karibu na Nakivubo, uamuzi bado unafanywa kwa vidole na kiberiti, baada ya fedha kulipwa.